Atakaa wapi? Mfungwa anapoachiwa kwa masharti, na yule aliyeumizwa naye

Tumfikirie mama mmoja anayeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, katika soko la Kadutu, hapa Bukavu, mashariki ya Kongo. Kabla jua halijatoka anashuka Beach Muhanzi kungoja mitumbwi ya Idjwi na Kalehe, anajitwika beseni, anapanda mlima, na saa mbili asubuhi mafungu yake yako mezani. Usiku mmoja akirudi nyumbani, kijana wa Cimpunda alimvizia kichochoroni, akamkata panga mkononi, akampora mtaji wote. Kijana alikamatwa, mahakama ikampa miaka 8. Mama alihesabu kwa vidole vya mkono uliobaki na nguvu: siku huyo atakapotoka, kitinda mimba wangu atakuwa amemaliza shule ya msingi. Akaitua akili yake juu ya hesabu hiyo. Miaka miwili na kitu baadaye, ameinama anapanga mafungu, anasikia mtu nyuma yake akiuliza, "Mama, fungu ni ngapi?" Sauti anaijua.

Mama huyu ni wa mfano, nimemuunda ili tuelewane. Na katika mfano wangu hakuna aliyevunja sheria. Kijana hakutoroka wala hakuhonga mtu. Aliachiwa kwa masharti, jambo ambalo watu wa mahakama kwetu huliita liberasio kondisioneli. Faili lilitoka gerezani, likafika kwa wakubwa, likarudi na sahihi. Katika safari yote hiyo hakuna hata mtu mmoja aliyepanda Kadutu kumwambia mama.

Kuna kazi ambayo nchi nyingi zimewapa maafisa maalumu: kumsimamia mtu aliyehukumiwa akiwa nje, ama kwa sababu hakufungwa kabisa, ama kwa sababu ametolewa kabla ya muda wake kwisha. Na ndani ya kazi hiyo kuna jambo linalozungumzwa sana na kueleweka kidogo, nalo ni huruma kwa mhanga. Wengi wanadhani ni kumwambia pole. Wengine wanadhani ni kumkomoa mfungwa. Nitajaribu kulifumua, kwa sababu naamini ni jambo la utendaji, lenye saa, karatasi na miguu ya kutembea, na lote linaanzia kwenye swali dogo ambalo mhanga huuliza kabla ya mengine yote: atakaa wapi?

Hesabu ya robo

Kanuni yetu ya adhabu, ambayo msingi wake ni dekreti ya Januari 30, 1940, inasema mfungwa anaweza kuachiwa kwa masharti akishatumikia robo ya adhabu yake, mradi amekaa ndani zaidi ya miezi 3. Aliyepewa kifungo cha maisha anaweza kufikiriwa akishapita miaka 5. Anayeamua ni waziri wa sheria, akishapata maoni ya waendesha mashtaka na ya wakuu wa gereza. Ruhusa hiyo inaweza kufutwa wakati wowote mtu akionyesha mwenendo mbaya au akivunja sharti lililoandikwa kwenye cheti chake.

Robo ya 8 ni 2. Sheria inasema "anaweza", haisemi "lazima", na wapo wanaobaki ndani hadi siku ya mwisho kwa sababu hakuna aliyelisukuma faili lao. Lakini mama wa Kadutu hakuwahi kuambiwa kwamba kuna robo. Mahakamani alisikia nane, na nane ndiyo aliyoibeba nyumbani. Au mfikirie mzazi aliyeambiwa "kifungo cha maisha" kwa mtu aliyemharibu mtoto wake wa miaka 4. Mtoto huyo akifika miaka 9, yuko mwaka wa nne wa shule ya msingi, sheria tayari inaruhusu jina la mtu yule liwekwe mezani. Mzazi anastahili kuijua hesabu hiyo siku ileile ya hukumu, kwa Kiswahili au kwa Mashi, kabla hajatoka nje ya ua wa mahakama.

Vurugu nyingine inatoka kwenye neno "ametoka". Tukisema fulani ametoka, tunachanganya milango ambayo haifanani. Kuna liberte provizuari, ambapo mtu hajahukumiwa bado na kesi inaendelea. Kuna sirsi, ambapo amehukumiwa lakini kifungo kimesimamishwa kwa muda, na akikosa tena ndani ya muda huo kinamrudia. Kuna kuachiwa kwa masharti tulikokutaja. Kuna msamaha wa rais, unaopunguza au kufuta adhabu iliyobaki lakini haugusi fidia ambayo mhanga alipewa. Na kuna yule aliyemaliza tu muda wake. Kwa jirani anayepiga soga barazani, yote ni kutoka. Kwa mhanga, kila mlango una mtu tofauti wa kwenda kumlalamikia na jambo tofauti anaweza kuomba. Mtu wa sirsi akimtisha, kuna kifungo kinachongoja kumwangukia. Mtu aliyemaliza muda wake akimtisha, ni kesi mpya kuanzia mwanzo. Mama asiyejua ni mlango upi uliofunguliwa hajui hata aende ofisi gani, na atazungushwa kutoka meza hadi meza mpaka achoke.

Sheria iliyoogopa bandari

Kanuni ya mwenendo wa kesi za jinai ya Agosti 6, 1959 ina kifungu kinachopanga masharti ya liberte provizuari. Mtu anaweza kuamriwa akae katika mji ambako mwendesha mashtaka ana ofisi yake. Anaweza kukatazwa kuvuka umbali fulani. Anaweza kukatazwa kufika mahali fulani, au kuwepo hapo saa fulani, na mifano inayotajwa ni stesheni ya treni na bandari. Anaweza kuamriwa aripoti mara kwa mara.

Nimekisoma kifungu hicho mara nyingi na kila mara kinanigusa, kwa sababu ukikitazama vizuri unaona aliyekiandika aliogopa nini. Aliogopa mtu asitoroke. Ndiyo maana macho yake yako stesheni na bandarini. Soko la Kadutu halimo, kwani sokoni mtu hapandi meli. Lakini sheria yenyewe, bila kubadilishwa hata herufi moja, ina nafasi. Imesema "mahali fulani" na "saa fulani". Anayeandika masharti anaweza kesho asubuhi kuandika: usikanyage upande wa wauza samaki, soko la Kadutu, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Na kama sheria inajua kumwekea ramani mtu ambaye hajahukumiwa, sioni kwa nini cheti cha aliyehukumiwa na kuachiwa kisiwe na ramani yake. Maana yake ni kwamba swali la "atakaa wapi" si geni kwa sheria yetu. Limekuwa likiulizwa tangu zamani kwa ajili ya usalama wa kesi. Halijaulizwa kwa ajili ya mama mwenye beseni.

Jambo hili linauma zaidi kwa sababu tumeshaonyesha kwamba tunaweza. Sheria za Julai 20, 2006 kuhusu ukatili wa kingono zinamtaka mwendesha mashtaka na hakimu wachukue hatua za kulinda usalama wa mhanga, afya ya mwili wake na ya moyo wake, heshima yake na siri zake, na wamwite daktari na mwanasaikolojia. Katika kesi ya watoto waliobakwa Kavumu, si mbali na hapa, mahakama ya kijeshi ilisikiliza wahanga na mashahidi nyuma ya pazia na wakiwa wamefunikwa ili wasitambulike, na mnamo Desemba 2017 wanaume 11 wakapewa kifungo cha maisha, akiwemo mbunge wa jimbo. Kulikuwa na pazia siku ya ushahidi. Siku ya kuachiwa, kwa kesi yoyote ile, pazia hilo linashikwa na nani?

Kazi iliyozaliwa ikimtazama mkosaji

Ili kuelewa kwa nini mhanga husahaulika hata katika nchi zenye maafisa wengi na magari, turudi nyuma kidogo. Mtu anayetajwa kama mwanzilishi wa kazi hii ni John Augustus, fundi viatu wa Boston, Marekani. Mwaka 1841 alisimama mahakamani akamdhamini mlevi mmoja, akakaa naye, na wiki tatu baadaye akamrudisha mbele ya hakimu akiwa mtu aliyebadilika. Uingereza ilipotunga sheria yake mwaka 1907, ilimpa afisa maagizo matatu: kumshauri mkosaji, kumsaidia, na kuwa rafiki yake. Ni maagizo mazuri, na yameokoa maisha ya watu wengi. Lakini yote matatu yanamwelekea mtu mmoja.

Na hivyo ndivyo moyo wa binadamu unavyofanya kazi. Afisa anamwona mkosaji kila Jumatatu. Anajua kwamba mama yake anaumwa, kwamba mtoto wake amefukuzwa shule kwa ajili ya minervali, yaani karo, kwamba jana alilala njaa. Anamwona akihangaika kutafuta kibarua na kukataliwa kwa sababu ya jina lake. Baada ya miezi sita, mtu huyo ni mtu kwake. Aliyeumizwa ni nani? Ni jina kwenye ukurasa wa tatu wa faili, pamoja na cheti cha daktari. Afisa akilazimika kuchagua kati ya uso na ukurasa, atachagua uso, tena bila kujua kwamba amechagua. Simlaumu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hakuna aliyewahi kumpeleka kukiona kitanda cha yule mwingine.

Mabadiliko yalikuja polepole, na mengi yalisukumwa na watu waliokutana na mshangao kama wa mama wetu. Mwaka 1983 huko California msichana aliyeitwa Marsy Nicholas aliuawa. Wiki moja baadaye, mama yake aliingia dukani kununua mkate akakutana uso kwa uso na mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo. Alikuwa ameachiwa kwa dhamana na hakuna aliyemwambia. Miaka 25 baadaye, mwaka 2008, wapiga kura wa California walipitisha sheria yenye jina la binti huyo, inayowapa wahanga haki ya kupewa taarifa na kusikilizwa. Duka la kule na meza ya sambaza ya Kadutu ni mahali pamoja kabisa.

Umoja wa Mataifa ulikuwa umeshatoa tamko lake la misingi ya haki kwa wahanga wa uhalifu mnamo Novemba 1985. Kenya, ambayo imekuwa na maafisa wa kazi hii, wanaoitwa wa probesheni, tangu miaka ya 1940, ilitunga sheria ya kulinda wahanga mwaka 2014, na maafisa hao sasa huandika pia kauli ya mhanga kuhusu madhara aliyoyapata ili isomwe na hakimu. Uingereza ilifanya jambo ambalo mimi naliona la busara kuliko mengine. Katika makosa mazito ya ukatili na ya kingono, aliyeumizwa hupewa afisa wake mwenyewe, tofauti na afisa anayemsimamia mfungwa. Huyo wa mhanga humwambia hatua zinazofuata na hupokea maombi yake kuhusu masharti: asinipigie simu, asifike mtaa wetu. Wawili hao huongea ofisini, kila mmoja akiwa na uso wake kichwani. Mtu mmoja akibeba nyuso zote mbili, mmoja utadondoka.

Kwetu hakuna idara ya namna hiyo kwa watu wazima. Walio karibu zaidi na kazi hii ni wafanyakazi wa jamii, wale tunaowaita asistanti sosiali, ambao sheria ya Januari 10, 2009 ya kulinda watoto imewapa nafasi katika mahakama za watoto: wanachunguza hali ya familia na kumfuatilia mtoto aliyekosa. Wengine ni mapadri na wachungaji wanaotembelea magereza, mashirika, maparalegali (wasaidizi wa kisheria wasio mawakili), na machifu wa mitaa. Ninayoyasema yanawahusu hao wote, hata kama hakuna aliyewapa cheo.

Namna ya kugonga mlango

Huruma ikishaingia kazini inakuwa mambo madogomadogo ambayo, yakikosewa, yanaumiza kuliko ukimya.

La kwanza ni namna ya kufika. Bukavu, jeep nyeupe yenye nembo mlangoni ikisimama mbele ya nyumba, avenyu nzima inajua. Kama mama aliibiwa, si neno. Kama binti yake alibakwa na familia ilificha miaka mitatu, jeep hiyo imetangaza siri yao kwa kila dirisha. Mwenye huruma anaacha gari Feu Rouge na kupanda kwa miguu, au anamwomba mhanga achague mahali: kanisani baada ya misa, kituo cha afya, kwa dada yake Bagira. Hampi chifu wa mtaa ujumbe ampelekee. Hampigii simu saa nne asubuhi mama akiwa katikati ya wateja, amwambie kwa sauti ya haraka kwamba yule mtu anatoka Ijumaa.

La pili ni kutomrudisha nyuma. Mhanga ameshasimulia kwa polisi, kwa daktari, kwa parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), kwa avoka, yaani wakili, kwa hakimu. Yote yamo kwenye faili. Anayekuja kwa ajili ya masharti asimuulize "ilikuwaje siku ile?" Amuulize ya leo na ya kesho: unapita njia gani kwenda kazini, watoto wanasoma wapi, kuna mtu wa familia yake anayekuja kwenu, unaogopa saa gani zaidi? Watu hustaajabu majibu yanavyokuwa tofauti na walivyodhani. Mtu unayedhani anaogopa kukatwa tena atakuambia anaogopa mama mzazi wa kijana, ambaye humtukana kisimani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ni yeye pekee anayejua kwake ung'ongo ni nini: harufu ya pombe fulani, mlio wa pikipiki, koti la kijani.

La tatu linasahaulika sana. Wapo wasiotaka kujua. Mtu amehamia Bagira, ameolewa, mume hajui kitu. Kumpelekea habari ni kumbomolea nyumba. Ndiyo maana huulizwa mapema, siku ya hukumu: ungependa tukujulishe, kwa njia gani, au hupendi? Na jibu hilo anaweza kulibadilisha mwakani.

La nne, asiahidi. "Usiogope, hatarudi huku" ni neno tamu na ni uongo. Afadhali aambiwe wazi: tumeomba asifike hapa, waziri anaweza kukubali au kukataa, akivunja sharti mtafute fulani, jina lake hili hapa. Maoni ya mhanga hayana nguvu ya kufunga mlango. Huo ni ukweli mgumu, na mimi naukubali, kwa sababu tukimpa mhanga ufunguo wa gereza tutakuwa tumempa pia mzigo wake, na ndugu wa mfungwa watajua ni nani wa kumwendea usiku.

Kuna mengine nitayapita haraka. Mke aliyepigwa na mume wake anaweza kutaka mume arudi nyumbani, kwa sababu ndiye aliyekuwa akilipa kodi, na afisa hana haki ya kumpangia namna ya kuumia. Na wapo wakosaji ambao nao waliwahi kuumizwa, wakichukuliwa msituni wakiwa makadogo, yaani watoto wa kubebeshwa silaha. Hilo halimpunguzii mhanga wao kitu.

Machozi ya mfungwa

Mara nyingi watu husema huruma kwa mhanga wakimaanisha kumfundisha mfungwa amwonee huruma aliyemuumiza. Ni jambo jingine, na lisichanganywe na lile la kwanza. Magereza mengi duniani yameweka masomo ya namna hiyo: mfungwa anaandika barua kama kwamba yeye ndiye mhanga, anasimulia uchungu, analia. Mwaka 2017 wizara ya sheria ya Uingereza ilitoa tathmini ya programu yake kuu kwa wafungwa wa makosa ya kingono, ambayo ilikuwa na masomo hayo ndani yake. Waliopitia programu, asilimia 10.0 walirudia kosa la kingono. Wale wanaofanana nao ambao hawakuipitia, asilimia 8.0. Programu ilikuwa na mambo mengi, kwa hiyo hatuwezi kusema ni somo la machozi lililoharibu. Tunachoweza kusema ni kwamba machozi hayakutosha.

Hapa Kivu tunapaswa kuwa makini zaidi, maana tunajua kuomba msamaha kwa ufundi. Familia ya mkosaji inatuma wazee, kreti ya bia, mbuzi, maneno laini kuhusu ujirani. Yule anayeandika ripoti anaona amani imerudi. Mhanga ameketi pembeni, amenyamazishwa na wajomba zake. Anayesimamia mtu aliyeachiwa atazame zaidi matendo yasiyohitaji ufasaha. Je, ameanza kulipa fidia, hata kidogo kidogo? Je, amekaa mbali bila kukumbushwa? Je, ameacha kutuma wajumbe? Fidia hasa. Mahakama zetu hutamka fidia, lakini ili mhanga aanze kuidai analipishwa kwanza ada inayohesabiwa kwa asilimia ya fidia hiyohiyo, na mama aliyeporwa mtaji ataitoa wapi?

Mfano mmoja wa ngazi ya juu unatuhusu Wakongo moja kwa moja. Germain Katanga, aliyekuwa kamanda wa wanamgambo, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2014, miaka 12, kwa shambulio la Bogoro, Ituri, la Februari 24, 2003. Mahakama hiyo huipitia adhabu mtu akishatumikia theluthi mbili, na kanuni zake zinawataka majaji watazame, pamoja na mambo mengine, mfungwa amefanya nini cha maana kwa faida ya wahanga, na kuachiwa kwake mapema kutawagusaje wao na familia zao. Novemba 2015 majaji watatu walimpunguzia Katanga miaka 3 na miezi 8. Mwaka huohuo Thomas Lubanga, Mkongo mwingine aliyehukumiwa na mahakama hiyo, alinyimwa. Unaweza kukubaliana nao au la. Mimi nashikilia kanuni: swali kuhusu watu wa Bogoro lilikuwa limeandikwa, na majaji walipaswa kulijibu kwa maandishi. Machi 2017 wahanga 297 walipewa kila mmoja dola 250 za ishara, pamoja na misaada ya pamoja. Ni kidogo mno, nami sitaipamba. Lakini majina yao yalihesabiwa mmoja mmoja.

Wakati milango ilipofunguka yenyewe

Hesabu ya robo, cheti cha waziri, ramani ya masharti: yote hayo yanadai kwamba gereza lipo. Januari 27, 2025, vita ilipoingia Goma, wafungwa wa Munzenze, gereza kuu la mji huo, walitoka kwa wingi. Moto uliwaka, wanawake wengi waliokuwa wamefungwa humo waliangamia, na Umoja wa Mataifa ukaripoti kwamba zaidi ya 160 kati yao walikuwa wamebakwa na wafungwa wanaume. Katikati ya Februari gereza kuu la Bukavu nalo likabaki tupu.

Siku zile nilifikiria sana wale waliokuwa wamesimama nyuma ya pazia. Wakosaji ambao wao waliwataja mahakamani walikuwa njiani kurudi mitaani bila robo, bila sharti, bila kuripoti kwa mtu yeyote. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba daftari la wahanga halipaswi kulala gerezani wala parke peke yake. Likilala huko, linaungua na paa. Asistanti sosiali au paralegali aliyekuwa na orodha yake, ameificha vizuri, ya watu waliosema "tujulisheni", angeweza usiku uleule kumtumia mtu neno moja kupitia njia waliyokubaliana, naye akapata saa tatu za kuhamisha watoto. Orodha hiyo ni hatari pia. Ikianguka mikononi mwa mtu mbaya imemwonyesha njia. Basi iandikwe bila majina kamili, na ibebwe na wachache.

Turudi kwa mama wa sambaza na kijana wa Cimpunda, katika siku ambazo ofisi zinafanya kazi. Nimeacha jambo gumu mpaka sasa. Kijana hajui kazi nyingine isipokuwa kubeba mizigo, na mizigo iko soko la Kadutu. Mama yake mzazi anakaa Cimpunda, hana pengine pa kulala. Ukimkataza Kadutu yote, umemkatia kazi na kitanda kwa siku moja, na kijana asiye na kazi wala kitanda tunajua usiku atakuwa kichochoro gani. Mhanga anayefuata atakuwa mama mwingine. Ukimruhusu Kadutu yote, mama wetu ndiye atakayeacha meza, ahamie Nyawera, aanze kulipa motari, mwenye pikipiki ya kubeba abiria, kila siku kutoka faida ya sambaza.

Kwa hiyo swali la atakaa wapi linawahusu wote wawili, na haliwezi kujibiwa ofisini. Afisa anaenda kwa mama siku ambayo soko limetulia, anakaa naye kwenye benchi, anatoa karatasi na bic. Anachora Beach chini, soko juu, barabara katikati. Anamwomba mama aonyeshe kwa kidole: hapa napita saa kumi na moja alfajiri, hapa napumzika, hapa nanunua chumvi, hapa ndipo aliponivizia, njia hiyo sipiti tena, nazunguka huku. Jumatatu anaitoa karatasi nyingine mbele ya kijana, isiyo na alama hata moja ya mama, na kumuuliza magunia ya mihogo yanashushwa saa ngapi na upande gani, ya maharage je, na kama kuna mwenye ghala Bagira au Essence anayetafuta mbebaji. Kisha usiku, taa imerudi au mshumaa umewashwa, anaziweka karatasi mbili moja juu ya nyingine na kuanza kutafuta mistari inapokutana.